Miwa ya Tana, Jua la Garissa: Vidokezo 10 vya Kuukaza Muwa kwa Silikoni

Garissa si Mumias ya miwa na mvua, tukubaliane mapema. Huku mvua ya mwaka mzima ni milimita 300 hivi, tena ikiamua kunyesha, ilhali muwa kuanzia kupandwa hadi kukatwa unadai milimita 1,500 hadi 2,500 za maji. Kwa hesabu hiyo ungesema miwa haituhusu. Lakini tunao Mto Tana, tunayo mashamba ya kando ya mto kuanzia Balambala hadi Masalani, na tunao wateja. Muwa wa kutafuna hauhitaji kiwanda. Unahitaji kisu kikali, mkokoteni na jua la saa saba mchana, na jua tunalo hata la kuuza nje.

Wala hatuzungumzii mashamba makubwa. Mpango wa kulima maelfu ya hekta za miwa ya kiwanda kwenye delta ya Tana ulizua ugomvi uliofika mahakamani mwaka 2008, wafugaji wakitetea malisho na maji yao. Wewe una nusu ekari, labda robo, katikati ya migomba na maembe. Shida yako ni ile wiki mashine ya maji inapogoma mwezi wa Februari, majani yanajikunja kama sigara, nawe unapiga simu kwa fundi asiyepokea. Silikoni inaweza kuusaidia muwa kuivuka wiki hiyo. Twende kazi!

1. Mfahamu mgeni huyu (kumbe ni mwenyeji)

Jina silikoni linanukia maabara na simu za bei ghali, lakini chenyewe kimejaa ardhini. Ukiiondoa oksijeni, hakuna elementi iliyo nyingi kuliko silikoni kwenye ganda la dunia. Mimea ya jamii ya nyasi huipenda mno, na muwa ni nyasi tu, nyasi ndefu yenye sukari. Zao la mwaka mmoja linaweza kunyonya kilo 300 za silikoni na zaidi kwa hekta, kuliko hata naitrojeni tunayoihangaikia kila msimu. Mizizi huivuta pamoja na maji. Maji yakifika kwenye majani hupotelea hewani, silikoni inabaki na kuganda chini ya ngozi ya jani kama plasta ukutani. Jani la namna hiyo halipotezi maji haraka na husimama wima kulipokea jua, na bua nalo linakakamaa. Umewahi kukatwa kidole na ukingo wa jani la muwa? Basi mmeshajuana. Vile vimeno vimekazwa kwa silikoni.

2. Usiende kuchota mchanga wa laga

Najua umeshaanza kuyapigia macho malori ya mchanga. Tulia. Mchanga ni silikoni na oksijeni kweli, lakini zimeshikana kwa ugumu ambao maji hayawezi kuuvunja upesi, ndiyo maana mchanga huohuo hutengenezewa chupa na vioo vya dirisha. Mzizi hauna meno. Unakunywa kilichoyeyuka tu. Kwa hiyo shamba lenye mchanga mwingi linaweza kuwa ndilo lenye njaa kubwa ya silikoni, na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mafuriko ukawa na akiba nzuri zaidi. Una vipande viwili vya shamba, kimoja cha mfinyanzi karibu na mto na kingine cha kichanga kule juu? Anzia kile cha kichanga. Huko ndiko una nafasi kubwa ya kuona tofauti. Habari njema nyingine: Mto Tana unaanzia Mlima Kenya na Aberdare, milima iliyojengwa na volkano, na maji ya mto hubeba silikoni iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Kila unapomwagilia unaongeza kidogo bila kulipa senti.

3. Silikoni haileti mvua

Hiki ndicho kidokezo ambacho muuzaji hatakwambia, nami nakiweka mapema usije ukanilaumu. Silikoni huusaidia muwa uvumilie kiu, haiizimi kiu. Siku ya jua kali muwa uliokomaa unaweza kutumia milimita 6 hadi 8 za maji. Milimita 10 juu ya ekari moja ni lita 40,000 hivi, kwa hiyo ekari yako inadai kati ya lita 24,000 na 32,000 kwa siku wakati wa joto. Chukua uwezo wa mashine yako kwa saa, zidisha kwa saa unazoweza kulipia mafuta, uone unafika wapi. Hufiki? Punguza eneo! Robo ekari inayokunywa ikashiba itakulipa kuliko ekari nzima inayoomba omba. Mwagilia jioni au alfajiri, na ukiweza kununua mipira ya matone, nunua hiyo kabla ya kununua silikoni yoyote.

Kumbuka pia tulikotoka. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, na hakuna unga wala chupa ambayo ingeokoa muwa usio na maji ya mto. Jamaa wa Wajir, nyinyi hamna mto wa kudumu, kwa hiyo miwa tuachieni sisi. Ila nyasi za malisho na mtama ni ndugu wa muwa, nazo hunyonya silikoni vilevile, kwa hiyo vidokezo vya samadi na majivu hapa chini ni vyenu pia. Walio kando ya Daua kule Mandera wanajua mto wao hukauka miezi ya kiangazi. Wapande kwa kipimo hicho.

4. Majani makavu si takataka

Ushindi wa haraka kuliko wote uko miguuni mwako. Majani makavu ya muwa yamejaa silikoni ambayo zao limeshaikusanya kwa miezi kumi na zaidi, halafu tunafanya nini? Tunawasha kiberiti! Moto unaacha majivu yenye silikoni, sawa, lakini unapoteza naitrojeni na kuiacha ardhi uchi juani, na Garissa ardhi uchi ni kikaango. Hewa ya huku ina uwezo wa kufyonza zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka, kwa hiyo kila kivuli juu ya udongo ni akiba.

Baada ya kukata, tandaza majani katikati ya mistari, unene wa kiganja hivi, na uache nafasi ya shubiri kuzunguka kila shina ili maotea yatokeze bila kusongwa. Mchwa watakuja, tusidanganyane. Wakiwa wengi, tandaza mstari mmoja ruka mmoja, na uweke majani kwenye mstari unaopata maji mara kwa mara, maana mchwa hawapendi kusumbuliwa. Na kabla ya kuingiza mguu kwenye rundo, lipigepige kwa fimbo. Kuna wakazi wengine wanaopenda kivuli, na hao hawana haja na sukari.

5. Boma la ng'ombe ni ghala

Hapa Kaskazini Mashariki tuna utajiri ambao wakulima wa Mumias wangeuonea wivu: mifugo. Mnyama akila nyasi, tumbo lake haliwezi kuitumia silikoni iliyomo, hivyo karibu yote hutoka kwenye samadi. Sasa jiulize, mnyama gani anakula nyasi? Ng'ombe. Ngamia na mbuzi hupenda zaidi vichaka na matawi ya miti, ambayo kwa kawaida yana silikoni kidogo. Samadi yao ni nzuri kwa mambo mengine, ila kwa kazi hii piga hodi kwenye boma la ng'ombe kwanza. Iache ioze vizuri kabla ya kuitia kwenye mfereji wa kupandia. Samadi mbichi huunguza machipukizi.

Fanya biashara ya kubadilishana: vilele vya miwa ni chakula kizuri cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Mpe mfugaji vilele, akupe samadi. Hakuna risiti, hakuna M-Pesa, na silikoni iliyoondoka shambani inarudi.

6. Maganda ya mpunga: dhahabu ya Mwea

Sasa tufike kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye vinu vya mpunga vya Mwea maganda hurundikana kama vilima, na barabara ya Thika–Garissa inapita malori yanayorudi huku kila siku. Mpunga hulimwa karibu zaidi pia, kwenye skimu ya Bura ng'ambo ya mto na chini kwenye delta. Ganda ni takriban asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na ukilichoma unabaki na majivu ya takriban asilimia 20 ya uzito wa ganda, ambayo karibu yote ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Tofauti na mchanga, hii haijajipanga kuwa fuwele ngumu, kwa hiyo maji huweza kuiyeyusha polepole.

Siri iko kwenye moto. Usiuchochee. Rundika maganda, washa katikati, yaache yafuke polepole hadi yawe meusi au ya kijivu, kisha zima kwa maji. Moto mkali mno huigeuza silikoni kuwa fuwele, na hapo umerudi kwenye mchanga, tena mchanga unaodhuru mapafu. Simama upande upepo unakotoka, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali.

Kiasi gani? Anza na tani 2 za majivu kwa hekta, yaani gramu 200 kwa kila mita mraba. Mstari wa mita 10, mistari ikiachana mita 1.2, ni mita mraba 12: unahitaji kilo 2.4 za majivu, sawa na kilo 12 za maganda. Hata bodaboda anabeba hiyo. Changanya na samadi, nyunyiza kwenye mfereji, funika, mwagilia. Huna muda wa kuchoma? Yatie maganda yenyewe kwenye rundo la samadi na uyaache yaoze. Yatachelewa, lakini yatafika.

Tahadhari moja: majivu hupunguza ukali wa tindikali, na baadhi ya mashamba ya kando ya Tana tayari yana chumvi na magadi. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo uliokauka, usimwage majivu ovyo, hasa ya kuni. Pima udongo kwanza. Ukiupeleka maabara, itaje silikoni kwa jina, maana vipimo vya kawaida haviigusi.

7. Wahi kabla ya Jilaal

Kuweka silikoni wakati majani yameshakunjika ni kufunga zizi fisi akiwa ameshashiba. Silikoni hupanda ikibebwa na maji; muwa usiokunywa hauipandishi. Iweke wakati wa kupanda, chini ya pingili, mwanzoni mwa mvua za Gu mwezi wa Aprili au za Deyr mwezi wa Oktoba. Kwa maotea, iweke mara tu baada ya kukata, kando ya mstari, ukiifukia kidogo kwa jembe. Jilaal, kile kiangazi kikali, inapobisha hodi Januari, plasta iwe imeshakauka ukutani. Hata Hagaa ya katikati ya mwaka ina upepo wake wa kukausha, kwa hiyo usiidharau kwa sababu tu joto limepungua kidogo.

8. Soma chupa kabla ya kufungua pochi

Agroveti wengine watakuuzia silikoni ya chupa. Si vibaya, lakini majina yanafanana na kazi hazifanani. Unayoitaka imeandikwa silikati ya potasiamu au asidi ya silisiki. Kuna silikati ya sodiamu, ile inayotumiwa na watengeneza sabuni, na bei yake itakuvutia. Iache! Sodiamu ni chumvi nyingine kwenye udongo uliokwisha kuchoka na chumvi. Kuna na mafuta ya silikoni yanayochanganywa na dawa ili yashike kwenye jani. Hayo husaidia dawa kuenea, hayaulishi muwa chochote.

Silikati ya potasiamu ni kali, kwa hiyo ipunguze kwa maji mengi kama lebo inavyosema, na usiichanganye na dawa yenye tindikali, itaganda kama uji ndani ya pampu na utashinda siku nzima ukizibua nozeli. Muwa hunywa silikoni hasa kwa mizizi, kwa hiyo ukiwa na mipira ya matone ipitishe humo badala ya kunyunyizia majani.

Kuna pia unga mweupe wa diatomaiti, unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyojenga maganda yao kwa silikoni. Unafaa, ila vumbi lake si la kuchezea: vaa barakoa. Kwa mkulima wa robo ekari, mimi bado ningeanza na maganda ya Mwea, na pesa ya chupa ningenunulia mipira.

9. Bungua hupenda muwa wenye kiu

Hii ni zawadi ya ziada. Wadudu wanaotoboa mabua hufanya sherehe muwa ukiwa na kiu, kwa sababu umedhoofika. Watafiti wa miwa nchini Afrika Kusini walimfuatilia bungua aitwaye Eldana saccharina, ambaye yupo Kenya pia, na wakaona kwamba silikoni ilipunguza uharibifu wake, hasa kwenye miwa iliyokosa maji na kwenye aina zisizo na kinga nzuri. Bua lililokakamaa linamchelewesha kiwavi mchanga kuingia, naye akikaa nje anaanikwa na jua na kuliwa na siafu. Pasua mabua machache kila mwezi uone kama kuna vijia vyekundu ndani. Mteja wa muwa wa kutafuna hakusamehi kwa kiwavi hata mmoja, na haki yake.

10. Jaribu kwa mistari, si kwa imani

Usinisadiki mimi, sadiki shamba lako. Chagua mistari sita iliyo sawa kwa udongo na maji. Mitatu itie majivu, mitatu iache, ukipishanisha mmoja kwa mmoja. Weka vijiti vyenye rangi, maana baada ya miezi minne hakuna anayekumbuka, na shemeji yako atakuwa amefunga mbuzi kwenye alama yako.

Kiangazi kikianza, fanya mambo matatu tu. Saa nane mchana tazama mistari ipi imekunja majani kwanza. Hesabu majani ya kijani kwenye mabua kumi ya kila mstari. Ukikata, pima uzito. Andika kwenye daftari au ujitumie ujumbe kwenye simu. Tofauti ikiwa kubwa, panua. Isipoonekana, huenda udongo wako una silikoni ya kutosha, nawe utakuwa umepoteza maganda machache tu. Matokeo hayo yapeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti cha KALRO cha Garissa. Wanaojua miwa zaidi wako kituo cha utafiti wa miwa cha Kibos, Kisumu, lakini wao hawana jua kama letu, kwa hiyo takwimu za shamba lako zina thamani.

Basi wiki hii fanya kimoja tu: ukikutana na dereva wa lori anayeelekea Mwea, mwagize gunia la maganda, na usimruhusu mtu yeyote awashe kiberiti kwenye majani yako makavu.